Bunduki Yenye Ila na Bei Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Usiku mmoja baada ya darsa, kijana mmoja mwenye duka kule Kibaha alinisubiri mpaka watu wote wakatoka, ndipo akanisogelea na kusema: "Sheikh, nina suala, lakini nimeona haya kuliuliza mbele za watu." Nikamwambia: "Uliza, mwanangu, elimu haina haya." Akanieleza kwamba duka lake limevunjwa mara mbili katika mwaka mmoja. Sasa kuna mtu amemletea bastola iliyofungwa katika kipande cha kanga. Mpini wake umepasuka, mtambo una kutu, mara hulia na mara hugoma. Kwa sababu ya ila hizo mwenyewe yuko tayari kumpunguzia bei sana. "Nilipomwuliza habari za karatasi," akasema, "alicheka tu."

Kisha akaongeza neno la mtu aliyesoma kidogo: "Sheikh, ulitufundisha katika mlango wa biashara kwamba kitu chenye aibu kikiuzwa kwa bei iliyopunguzwa, na mnunuzi akaijua aibu yake, biashara hiyo ni halali. Basi hii je?"

Nilimwomba anipe muda wa wiki moja. Hukumu yenyewe haikuwa ngumu. Nilichotaka ni kumjibu kwa ukamilifu, maana yeye si mtu wa kwanza katika Mrima huu kuletewa silaha mbovu na kuambiwa kuwa ni rahisi. Jambo hili lina tarehe ndefu katika nchi yetu, na mwenye kuijua tarehe hiyo hatashangaa jibu nililompa. Ndiyo nimeona niliandike hapa, wapate kulisoma na wengine.

Kwanza tuitazame dini inasemaje juu ya kitu chenye ila. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka vimelowa. Alipomwuliza mwenyewe, akajibiwa kuwa ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wapate kuiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Angalieni kwamba hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa. Alichomkataza ni kuificha.

Na Imam Ghazali ametaja katika Ihyaa kisa cha sahaba Wathila bin Al-Asqaa. Alikuwa amesimama sokoni, mtu akamnunua ngamia na kuondoka naye. Wathila akamfuata, akamwuliza: je, umemnunua kwa nyama au kwa kupanda? Yule mtu akasema ni kwa kupanda. Wathila akamwambia kwamba ngamia huyo ana tundu katika wayo wake, naye ameliona, na hatastahimili safari ya mfululizo. Mnunuzi akarudi kwa mwenye ngamia, na bei ikapunguzwa dirhamu mia. Muuzaji akamlalamikia Wathila kuwa amemharibia biashara, naye akajibu kwamba walimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu.

Katika kisa hiki mna mambo mawili. La kwanza, punguzo la bei kwa ajili ya aibu iliyowekwa wazi ni halali. La pili, ambalo wengi hulipita bila kulitazama, ni lile suala la Wathila. Alipouliza "kwa nyama au kwa kupanda?" alitaka kujua kazi ya kitu kile, maana aibu isiyodhuru kwa kazi hii yaweza kuangamiza kwa kazi nyingine. Tulichukue suala hilo, twende nalo katika tarehe ya bunduki zilizoletwa pwani kwetu.

Wazee wetu walizijua bunduki kwa majina. Ilikuwapo ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Ikaja ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo kilichogongwa na nyundo juu ya kifa. Zote mbili zilikuwa za kushindilia: hutiwa baruti mdomoni mwa mtutu, kisha kitambaa na risasi, zikashindiliwa kwa mdeki. Hizo ndizo tunazoziita magobore. Baadaye zikaja za viasi, ambazo hujazwa kwa nyuma na kupiga haraka.

Nyingi katika bunduki za kuuzwa Afrika zilitengenezwa Birmingham huko Uingereza na Liège huko Ubelgiji. Miji hiyo ilijua kutengeneza silaha nzuri kwa majeshi yake, na ilijua pia kutengeneza silaha duni kwa ajili ya Mwafrika. Habari hii haikutoka kwa adui wa Waingereza. Bwana mkubwa wao mmoja, Lord Shelburne, alipotembelea Birmingham katika karne ya 18, aliandika kwa masikitiko kwamba zaidi ya nusu ya bunduki zilizopelekwa Afrika zilikuwa za kupasuka mikononi mwa mtu wa kwanza atakayezipiga. Mpaka mwaka 1813 ndipo Birmingham ikawekwa nyumba maalumu ya kujaribia mitutu kabla ya kuuzwa.

Halafu ikaja karne ya 19, na mlango wa pili ukafunguka. Majeshi ya Ulaya yakaanza kuacha bunduki za kushindilia na kuchukua za viasi. Waingereza walizigeuza bunduki zao kuwa za viasi kuanzia mwaka 1866, na mwaka 1871 wakachukua Martini-Henry. Wafaransa walikuwa na Chassepot mwaka 1866, na Wajerumani wakapata Mauser ya mwaka 1871. Maghala yakajaa bunduki kuukuu zisizo na kazi tena. Zikauzwa kwa wafanyabiashara kwa bei ya kutupa, nao wakatafuta watu wa kuwauzia. Wengi wao wakawapata Afrika.

Lakini tusidhani kwamba watawala wa pwani hawakujua hatari yake. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Mkataba ule uliwapa Wamarekani uhuru wa kuuza kila kitu, ila jambo moja: katika kisiwa cha Unguja, bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kwa mtu yeyote isipokuwa serikali. Ama katika bandari nyingine zote za Sultani, vitu hivyo viliachwa viuzwe bila ya kizuizi chochote kwa mwenye kutoa bei kubwa.

Tulizingatie jambo hili. Mtawala aliona kwamba bunduki mikononi mwa kila mtu ni hatari karibu na nyumba yake, akaizuia. Lakini mbali na nyumba yake, huku Mrima, aliiona kuwa ni biashara. Na ndivyo alivyo binadamu: fitna ikiwa mlangoni kwake huiita fitna, na ikiwa mlangoni kwa mwenziwe huiita riziki.

Kutoka bandari za Mrima bunduki zilipanda bara pamoja na misafara. Njia mojawapo ilianza Kaole na Bagamoyo, ikafuata bonde la mto Kingani, ambao ndio Ruvu, na kuikata Uzaramo. Leo tukisafiri kwa basi tukapita Kibaha, Mlandizi na Ruvu, tumo katika jirani ya njia hiyo. Burton alipita bonde hilo mwaka 1857, na Speke mwaka 1860, nao wote wameandika habari za mapazi wa Kizaramo waliodai hongo kwa kila msafara. Nguo zilipita hapa, shanga zilipita, nyaya za shaba zilipita, na bunduki na baruti zikapita. Zilizorudi ni pembe za ndovu na watu.

Hapa hatuna budi kusema kweli, ijapokuwa ni chungu. Mzungu ndiye aliyeitengeneza ile bunduki duni, lakini mikono iliyoipeleka bara ilikuwa pia ni mikono yetu: Waarabu, Waswahili, Wanyamwezi, na matajiri wa Kihindi waliokopesha mali ya misafara. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliwashinda watu wa bara kwa nguvu ya bunduki, na mali yake aliikopa kwa Taria Topan wa Unguja. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa bunduki hizo hizo. Waliokuwa wakiziuza walijua ni za kazi gani. Lau Wathila angesimama katika soko la Bagamoyo akauliza, je, umeinunua kwa kuwinda au kwa kuteka watu, jibu lingekuwa wazi, na wengi wangeinamisha vichwa.

Na aibu za bunduki zenyewe zilifichwa. Mtutu uliolika kutu kwa ndani huwezi kuuona kwa nje. Ukipigwa msasa na kupakwa mafuta hung'aa kama mpya. Lakini ukuta wake umekuwa mwembamba, na baruti ikiwaka, moto hutafuta mahali dhaifu pa kutokea. Mahali hapo mara nyingi huwa karibu na kifa, pale baruti inapowakia, wala si mbali na shavu la mpigaji na mkono wake.

Nilipokuwa mtoto wa chuo huku Kisarawe, alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa na vidole viwili tu katika mkono wake wa kushoto. Alipokuwa akitawadha, sisi watoto tulikuwa tukimwangalia kwa kuibia. Siku moja akatuita, akatueleza. Alikuwa akiwafukuza nguruwe katika muhogo wake kwa gobore aliloachiwa na babu yake, likapasuka. Walipolitazama waliona kwamba tangu zamani palikuwa na ufa, umezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, ukasuguliwa usionekane. Babu mtu alinunua kwa mfanyabiashara wa pwani, akafurahi kwamba amepata kwa bei ndogo. Aliyelipa bakaa ya bei hiyo ni mjukuu, tena kwa vidole vitatu, na yule aliyeuza alikuwa kaburini siku nyingi.

Turudi katika tarehe. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita Unguja kila mwaka. Na katika hizo hazikuwamo magobore tu, bali na za viasi pia. Mwaka huo huo watu wa pwani walisimama dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Hata Pugu, mlangoni mwa Kisarawe, misheni ilishambuliwa Januari 1889 na wamishonari wakauawa, jambo ambalo sheria yetu ya vita hairuhusu, kwani watu wa ibada wasiopigana hawauawi. Wajerumani na Waingereza wakaweka manowari zao kuizingira pwani tangu Desemba 1888 mpaka Oktoba 1889, ili kuzuia, walivyosema, watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Kisha tarehe 2 Julai 1890 madola yakatia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulipiga marufuku kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, hasa bunduki za kisasa. Lakini mkataba huo ukaacha nafasi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa ruhusa ya serikali.

Basi kwa muda wa miaka mingi, bunduki ilipokuwa ikimwua Mwafrika mikononi mwa Mwafrika mwenzake, ilikuwa ni bidhaa. Ilipoanza kuelekezwa kwa Mzungu, ikawa ni dhambi ya kuitishiwa mkutano. Na hata hapo ile mbovu iliruhusiwa, na ile nzuri ikabakizwa kwa wenyewe.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai, na Uzaramo nayo ikaingia. Mpaka leo jina la Kibasila linakumbukwa, na ipo skuli Dar es Salaam iliyopewa jina hilo. Watu walikwenda na mikuki, mishale na magobore, wakitumaini maji yatageuza risasi. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, walikutana na bunduki za mzinga mbili, na watu wengi sana wakaanguka. Wale waliouziwa ya pili walipambana na wale waliojiwekea ya kwanza. Aliyekuuzia silaha yake iliyochakaa hakukupa nguvu sawa na yake, kwani amekwisha kujiwekea iliyo bora, na anajua ile uliyoishika wewe itashindwa wapi.

Sasa turudi kwenye vitabu vyetu vya fiqhi, tupate kumjibu kijana wa Kibaha.

Katika bastola ile mna ila tatu. Ya kwanza ni ila ya dhahiri: mpini uliopasuka, rangi iliyobanduka. Hii ni kama nguo iliyofifia au sahani yenye kovu. Huko Marekani, idara za polisi zinapobadilisha bastola zao, zile za zamani huchukuliwa na wafanyabiashara na kuuzwa kwa raia kwa bei ya chini, zikiwa na mikwaruzo yake. Mahali ambapo sheria imeruhusu na ila imeonekana, mkwaruzo peke yake haubatilishi biashara.

Ya pili ni ila ya ndani: mtutu, mtambo, na kulia na kugoma kwake. Hii muuzaji akiijua ni wajibu aiseme. Na wapo wanaojikinga kwa neno "nauza kama ilivyo, sirudishiwi." Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba muuzaji akishurutisha kuepukana na aibu zote, kauli yenye nguvu ni kwamba haepukani ila na aibu ya siri ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Bunduki si mnyama. Kwa hiyo neno "kama ilivyo" halimwokoi, na mnunuzi ana haki ya kuirudisha akiigundua aibu. Lakini mwanangu, bastola ya magendo utamrudishia nani? Utamshitaki mbele ya kadhi gani? Aliyekuuzia amekuja usiku, na ikipasuka hutamwona tena.

Ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili, nayo ni ila ya biashara yenyewe. Imam Bukhari ametaja kwamba sahaba Imran bin Husayn alichukia kuuza silaha wakati wa fitna. Na wanavyuoni wetu wa Kishafii wameingiza katika biashara zilizokatazwa kumwuzia zabibu mwenye kujulikana kuwa atazifanya ulevi, na silaha mwenye kujulikana kuwa atapora nayo njiani. Msingi wake ni amri ya Qur'ani katika Suratul Maida ya kutosaidiana katika dhambi na uadui. Bastola isiyo na karatasi imetoka wapi? Huenda imeibwa, huenda mwenyewe aliuawa. Ukiinunua umempa yule mwizi mtaji wa kwenda kutafuta nyingine, na pengine atakayofuata ataijaribu katika duka lako.

Sisi wa Mkoa wa Pwani hatuna haja ya kuambiwa na mtu. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti na silaha zao zikachukuliwa, na mauaji ya viongozi wa vijiji na raia yaliendelea katika miezi ile. Kila silaha inayotembea bila ya mwenyewe kujulikana ni kama mbwa kichaa asiye na kamba. Na serikali imeweka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka kila mwenye silaha awe na kibali. Kumtii mwenye mamlaka katika jambo lisilo la kumwasi Mungu ni wajibu wetu, hasa likiwa jambo la kuhifadhi roho za watu.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa mkali sana katika silaha hata zilizo nzuri na za halali. Aliamuru mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale aishike kwa upande wa vyembe, asije akamjeruhi Mwislamu. Alikataza watu kupeana upanga uliochomolewa alani. Alionya mtu asimwelekezee nduguye silaha hata kwa mzaha. Ikiwa hiyo ndiyo adabu ya mshale usio na ila, itakuwaje bastola inayolia yenyewe itakapo, ndani ya duka ambamo watoto wanatumwa kununua mkate?

Wiki ilipotimia, kijana alirudi. Nikamweleza haya yote, kisha nikamwuliza suala la Wathila: "Unainunua kwa kazi gani?" Akasema: "Kwa kulinda mali yangu." Nikamwambia: "Kitu kinachogoma siku ya haja na kulia siku isiyo ya haja hakikulindi. Na kitu usichoweza kukitoa mbele ya polisi wala mbele ya majirani, wewe ndiwe utakayekuwa mlinzi wake, usiku na mchana." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Sheikh, lakini wezi bado wapo." Nikasema kweli wapo, wala sikumdharau, kwani mtu aliyevunjiwa mara mbili halali usingizi. Tukazungumza habari ya mlango wa chuma, taa ya nje, na majirani kushirikiana zamu ya ulinzi. Na kama akiona hapana budi ila silaha, njia ya kuomba kibali iko wazi, ingawa ni ndefu na ina gharama.

Alimrudisha yule mtu na kanga yake. Duka lake lina mlango mpya, na deni la mlango huo bado analilipa kidogo kidogo. Deni hilo ni lake na analijua kiasi chake. Lile jingine asingelijua kiasi chake, wala nani katika watoto wake atakuja kudaiwa.

Ewe Mola wetu, turuzuku kipato cha halali, utukinge na ghushi ya wauzaji na tamaa ya wanunuzi, na uijaalie nchi yetu iwe ya amani. Amin.